Neno "OK": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni ukalimani na tafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili, na hakuna neno la Kiingereza ninaloulizwa mara nyingi kama hili la herufi mbili. Wanafunzi huliuliza, wateja huliuliza, hata abiria niliyekaa naye kwenye daladala aliwahi kuniuliza aliponiona nasahihisha karatasi. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi rudi.

OK ni kifupi cha maneno gani?

Ni kifupi cha "all correct", yaani "yote sahihi", lakini yakiwa yameandikwa vibaya kwa makusudi: "oll korrect". Kwa ushahidi uliopo, mara ya kwanza kuchapishwa ni tarehe 23 Machi 1839, ukurasa wa pili wa gazeti la Boston Morning Post, Marekani. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akitaniana na mhariri wa gazeti la mji wa Providence kuhusu safari ya chama kimoja cha watu wa Boston. Katikati ya sentensi akaandika "o.k.", kisha papo hapo akaeleza kwamba ni "all correct". Maelezo hayo ndiyo yanayotupa uhakika, kwa kuwa aliyeliandika neno ndiye aliyelifafanua, siku ileile na mahali palepale.

Mhariri mzima anaandikaje makosa kama hayo?

Ndiyo iliyokuwa fasheni ya mji. Kuanzia mwaka 1838 wahariri wa Boston walikolewa na mchezo wa kufupisha maneno, na baadaye wakaongeza chumvi kwa kuyafupisha baada ya kuyaharibu tahajia. "All right" waliiandika "oll wright" wakapata O.W. "No use", yaani haina faida, ikawa "know yuse", K.Y. "No go", yaani haiwezekani, ikawa "know go", K.G. Utamu wake ulikuwa katika kujifanya hujui kuandika mbele ya msomaji anayejua kwamba unajua.

Vijana wetu walioandika "xaxa" badala ya "sasa", "cjui" badala ya "sijui" na "2po" badala ya "tupo" wangeelewana na Greene bila mkalimani. Naona watu wakiwakemea kwamba wanaiua lugha. Mimi nikiwasoma naona watu wanaoijua sauti ya lugha yao vizuri kiasi cha kuichezea.

O.W. na K.Y. zimekufa. Kwa nini OK ilipona?

Iliokolewa na uchaguzi. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, rais wa 8 wa Marekani, alikuwa akitetea kiti chake. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo zikaangukia O na K. Wafuasi wa New York wakaanzisha klabu yao ya O.K., na neno likawa na maana mbili: ukilitamka umesema mambo ni sahihi, na umemtaja mgombea wako.

Wapinzani wake wa chama cha Whig, waliokuwa nyuma ya William Henry Harrison, nao wakaligeuza. Wakasema OK ni "Out of Kash", hana kitu mfukoni, au "Orful Kalamity", balaa zito, kwa tahajia ileile ya kejeli. Van Buren alishindwa uchaguzi. Neno lilishinda, maana pande zote mbili zilikuwa zimelipigia kelele nchi nzima kwa miezi. Sisi tuliosikia "Hapa Kazi Tu" mwaka 2015 tunajua kaulimbiu inavyoweza kushuka jukwaani ikahamia vinywani mwa watu wasio na habari na siasa.

Kampeni hiyohiyo ilizaa uongo mmoja ulioishi zaidi ya miaka 100. Gazeti la New York Herald lilidai kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na aliyemwinua kisiasa, ndiye aliyekuwa akiandika O.K. kwenye nyaraka kwa kutojua kwamba "all correct" haianzi kwa herufi hizo. Ilikuwa namna ya kumpiga Van Buren kupitia mlezi wake. Watu wengi bado wanaisimulia kama historia.

Baada ya siasa ikaja telegrafu. Samuel Morse alifungua laini ya Washington hadi Baltimore mwaka 1844, na reli zikafuata na nyaya zake. Karani aliyekuwa akigonga herufi moja moja alihitaji jibu fupi la kusema "nimepokea, hakuna kilichoharibika". OK ilimfaa sana. Kazi hiyo inaendelea: ukurasa wa intaneti unapofunguka vizuri, seva, yaani kompyuta iliyokutumia, kwa kawaida hutanguliza jibu usiloliona, namba 200, ambayo jina lake ni "OK". Maana yake ni ileile ya karani wa telegrafu.

Nimesikia OK ni neno la Kiafrika. Kweli?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hamu kuliko yote, na naelewa hamu hiyo inatoka wapi. Mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi, David Dalby, alitoa hoja kwamba OK imetokana na Kiwolofu cha Senegali na Gambia. Katika lugha hiyo "waaw" ni "ndiyo", na "kay" ni neno la kutia mkazo. Yakikaa pamoja yanasikika karibu sana na OK, na maana yake ni "ndiyo kabisa". Watu kutoka Senegambia walikuwa miongoni mwa waliovushwa bahari kwa nguvu na kufanywa watumwa Amerika.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Kiingereza cha Marekani kimebeba maneno ya Kiafrika ambayo hakuna anayeyabishia. "Goober", yaani karanga, ni "nguba" ya Kikongo. "Gumbo", ule mchuzi mzito wa bamia wa Louisiana, jina lake linatokana na "kingombo", bamia kwa lugha moja ya Angola. Waliovushwa hawakuvuka wakiwa mabubu.

Lakini kila neno linalodaiwa kutoka mahali linahitaji njia ya miguu, nyayo baada ya nyayo. Kwa "goober" nyayo zipo: mmea, shamba, watu na matamshi. Kwa "waaw kay" tuna mwanzo tu, yaani sauti inayofanana, kisha pengo hadi Boston mwaka 1839, na hapo tunamkuta mhariri akieleza mwenyewe alichokifupisha. Ningependa sana Dalby awe sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi wangu akiniletea ushahidi wa namna hiyo kuhusu neno lingine lolote, ningemrudishia karatasi.

Na Wachoctaw? Wagiriki? Waskoti?

Kila taifa lina lake. Wagiriki wana "ola kala", mambo yote mazuri. Waskoti wana "och aye", yaani "ah, ndiyo". Wengine humtaja karani wa reli aitwaye Obadiah Kelly aliyetia saini mizigo kwa herufi za jina lake, wengine biskuti za wanajeshi zilizokuwa na chapa ya herufi hizo. Zote zina kasoro moja: zinaanzia kwenye sauti inayofanana, halafu zinatafuta hadithi ya kuivalisha.

Ile ya Wachoctaw, wenyeji wa kusini mwa Marekani, iliheshimika zaidi kwa sababu katika lugha yao kuna "okeh", yenye maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini, na alipoidhinisha karatasi aliandika "okeh". Tahajia hiyo ilipendwa. Mwaka 1918 ilianzishwa kampuni ya santuri ya Okeh, jina lililocheza pia na herufi za mwanzilishi wake, Otto K. E. Heinemann. Mwaka 1920 kampuni hiyo ilitoa "Crazy Blues" ya Mamie Smith, santuri iliyoonyesha wafanyabiashara kwamba muziki wa Wamarekani weusi una wanunuzi.

Msichanganye na OK ya anwani za Marekani. Ile ni kifupi cha jimbo la Oklahoma. Jina Oklahoma ndilo la Kichoctaw: "okla" ni watu, "humma" ni wekundu.

Nani aliyegundua ukweli wa mambo haya?

Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1941 alionyesha uhusiano na klabu ya Van Buren. Mwaka 1963 na 1964 akachapisha makala mfululizo katika jarida la American Speech akiirudisha nyuma hadi ile sentensi ya Greene. Wakati ule hapakuwa na kuandika neno kwenye kisanduku na kubonyeza "tafuta". Ilikuwa ni kukaa na magazeti ya kale na kuyasoma safu kwa safu, vichekesho na matangazo pia, kwa sababu neno la mtaani huanza kuonekana huko. Namheshimu mno mtu huyu. Hakubuni hadithi tamu. Alisoma hadi akaikuta.

Je, OK maana yake "nzuri"?

Hapana, na hapa ndipo wengi huumia.

Mwingereza au Mmarekani akikwambia chakula chako ni "OK", hajakusifu. Amesema hakina ubaya, kinalika. Mwalimu akiandika "OK" chini ya insha ya mwanao, insha imepita, haijang'ara. Neno hili halipimi uzuri. Linaruhusu kitu kipite. Ukilifasiri "nzuri" umeongeza sifa ambayo msemaji hakuitoa, na ukilifasiri "sawa" unaweza kuacha kitu kikining'inia.

Nilijifunza hilo kwenye chumba cha daktari. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namkalimania mama mmoja mtu mzima mbele ya daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Daktari akatazama karatasi ya vipimo, akasema kwa Kiingereza kwamba sukari yake ni "OK". Nami nikasema, "Mama, sukari yako iko sawa."

Yule mama alikuwa ameshika kitambaa chake cha kufutia jasho, amekikunja mara nne. Akanitazama, akauliza kwa utulivu kabisa: "Sawa na ya nani, mwanangu?"

Nikanyamaza. Nikamrudishia daktari swali hilo kama lilivyo. Daktari akaweka karatasi chini, akaanza upya: imeshuka kuliko mwezi uliopita, bado iko juu ya kiwango tunachotaka, dawa ziendelee vilevile, usipunguze hata kidonge kimoja. Dakika tatu nzima za maelezo zilikuwa zimefungwa ndani ya herufi mbili. Mama angetoka na "iko sawa" yangu, angeweza kuziacha dawa akidhani amepona.

Tangu siku hiyo, nikisikia OK kwenye mambo ya afya, pesa au mkataba, naomba msemaji aifungue kwanza. Sioni haya kumkatiza.

Mtu akikaribishwa chai akajibu "I'm OK", anataka au hataki?

Hataki. Amesema anatosheka kama alivyo. Wenzetu wengi wakifika Ulaya au Marekani huisikia kama kukubali, wakamimina chai, mgeni akabaki anaitazama. Lakini sisi nasi tuna mtego huohuo: mtu akikaribishwa chakula akasema "asante" huku akiweka mkono kifuani, amekataa kwa adabu, na mgeni wa Kiingereza husikia kwamba amekubali. "Nashukuru, nimeshiba" humaliza utata kwa pande zote.

"Are you OK?" ni jambo lingine. Mtu aliyejikwaa akiulizwa hivyo, anaulizwa kama hajaumia. Kwa Kiswahili ungesema "Pole, hujaumia?", na hiyo "pole" inayotangulia haimo kabisa kwenye Kiingereza chake. Ukifasiri, itie, bila hiyo msemaji ataonekana hana utu.

Kisarufi, OK ni neno la aina gani?

Karibu kila aina. Ni kivumishi, "an OK man", mtu asiye na neno. Ni nomino, "she gave the OK", ametoa idhini. Ni kitenzi, na hapo huandikwa kwa alama: "he OK'd the plan", ameuidhinisha mpango. Ni kielezi: gari linakwenda "OK", linakwenda bila shida. Na zaidi ya yote ni kiitikio na kifungua maneno, kama mwalimu anapoingia darasani, akapiga makofi mara moja na kusema "OK!". Hiyo ya mwalimu si "sawa" hata kidogo. Ni "haya!"

Nawasisitizia wanafunzi hapo, kwa sababu "haya" imeanza kusahaulika kwenye tafsiri. "Sawa" hufunga lililokwisha semwa. "Haya" hufungua linalofuata. Kiingereza kimeyapakia yote mawili kwenye OK, nasi hatuna sababu ya kuyapakia pamoja wakati lugha yetu imeyatenga.

"Sawa" na "barabara" nayo yametoka wapi?

"Sawa" ni ya Kiarabu, na asili yake ni usawa, kitu kulingana na kingine. Ndiyo maana swali la yule mama lilikuwa la haki kabisa: kwake neno bado lilikuwa na mizani ndani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi "sawa" hutumika kama "kama": mtoto ni sawa mama yake, yaani anafanana naye. "Barabara" tuliipata kwa Waajemi, na huko nako ni kulingana, kuwa tambarare. Waajemi, Waarabu na wale wahariri wa Boston wote walianzia pamoja: kitu kimelinganishwa na kipimo, hakikupungua.

"Poa" ndiyo ya kwetu hasa. Ni kitenzi cha kupungua joto. Uji umepoa, homa imepoa, na mambo yakiwa poa yamekuwa ya kushikika.

Niandike OK, O.K., ok au okay? Na kwa Kiswahili?

Kwa Kiingereza zote zinakubalika. Magazeti mengi ya Marekani hupendelea OK. "Okay" ilikuja baadaye, watu walipoanza kuiandika kama inavyotamkwa, na haina makosa. Kwa Kiswahili watu huandika "oke", "okei" na "okey". Mimi ningechagua "okei" kwenye mazungumzo ya wahusika wa hadithi, maana ndivyo tunavyoitamka. Kwenye barua ya kazi tumia "sawa" au "nimepokea".

Kwa nini mtu akinijibu "K" tu naona kama amenuna?

Kwa sababu OK yenyewe ni kifupi cha kutosha. Anayekata hata herufi moja iliyobaki anaonekana hakutaka kukupa hata hiyo.

Ile ishara ya kidole gumba na cha shahada kuunda duara ni salama popote?

Hapana. Brazili ni tusi zito. Japani inaweza kumaanisha pesa, Ufaransa sifuri. Mwaka 2019 taasisi ya Marekani inayofuatilia chuki, Anti-Defamation League, iliiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki kwa sababu baadhi ya wabaguzi wa rangi walikuwa wameiteka, ingawa ilieleza kwamba watumiaji wengi hawana nia hiyo. Chini ya maji ndiko ilikobaki safi: wazamiaji wote huitumia kusema "niko salama", kwa kuwa dole gumba juu kwao ni amri ya kupanda.

Kitufe cha "OK" kwenye kompyuta na simu kifasiriwe vipi?

Historia yake inafundisha. Wahandisi wa kompyuta ya Lisa ya Apple, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliandika kitufe hicho "Do It", yaani "fanya". Nafasi kati ya maneno ilikuwa finyu, na mtu aliyeitwa kujaribu programu akasoma "Dolt", mpumbavu, akakasirika kwamba mashine inamtukana. Wakaweka OK.

Kwa Kiswahili "Sawa" imezoeleka, na ujumbe ukiwa wa taarifa tu inatosha. Ikiwa ni swali, iogope. Niliwahi kuletewa nisahihishe kisanduku kilichouliza: "Je, ungependa kughairi agizo hili?" Chini yake vitufe viwili, "Sawa" na "Ghairi". Jaribu kufikiria uko wapi, kidole kikiwa hewani, na pesa yako imo humo. Niliandika "Ndiyo, ghairi" na "Hapana, endelea na agizo". Msanidi akalalamika kwamba ni marefu. Tukapunguza ukubwa wa herufi, yakaingia.

Ni kweli OK ilisemwa mwezini?

Ndiyo, na mapema sana. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipogusa ardhi ya mwezi, Buzz Aldrin alitangaza kwamba taa ya mguso imewaka. Neil Armstrong akajibu kwamba amezima. Neno lililofuata la Aldrin lilikuwa "Okay", kisha akaendelea kusoma hatua ya injini. Armstrong alikuwa bado hajaiambia dunia kwamba wametua. Neno la mzaha la Boston lilikuwa limefikisha miaka 130.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja ningelifasirije hilo. Si "sawa", kwa kuwa Aldrin hakuwa akikubaliana na mtu. Alikuwa amemaliza hatua moja, jicho liko kwenye orodha, mkono unaiendea nyingine. Ningeandika: "Haya. Injini, zima."